Maswali ya Wasomaji: Seli Shina na Ubongo wa Mtoto Unaokua

Mwezi huu tumeweka kando maswali ya malaria na ya presha, kwa kuwa barua nne zilizotufikia kutoka mitaa mbalimbali ya Lubumbashi zinagusa jambo moja, nalo ni kupandikiza seli shina katika ubongo. Anayejibu ni daktari wa watoto wa hapa mjini, ambaye huandika safu hii kila mwezi. Majina ya waandishi wa barua hatuyachapishi.

Mama wa watoto watatu, Katuba, anauliza:

Daktari, salamu. Mtoto wangu wa mwisho ana miaka minne. Alizaliwa kwa shida, hakulia, wakamhangaikia muda mrefu kabla hajavuta pumzi. Hadi leo hakai peke yake, shingo inalegea, na kifafa kinamshika mara kwa mara. Kwenye fishi yake wameandika IMC, yaani ulemavu wa viungo unaotokana na ubongo kuumia. Juzi shemeji yangu alituletea mtu anayesema kwamba ng'ambo kuna mahali wanapochoma seli shina kwenye mshipa wa mkono, na seli hizo hupanda hadi kichwani na kujenga upya sehemu iliyokufa. Anataka dola 9,000, bila kuhesabu tiketi za ndege. Alituonyesha kwenye simu utafiti ambamo seli ziliwekwa katika ubongo mchanga wa mnyama, zikashika na kukua. Baba yao anataka tuuze parsele yetu, yaani kiwanja chetu, ya Ruashi. Je, ni kweli?

Jibu:

Mama, utafiti mliouona kwenye simu ni wa kweli, lakini sindano anayoiuza mtu huyo ni kitu kingine kabisa, na ujanja wote umefichwa katika pengo lililopo kati ya vitu hivyo viwili. Naomba uvumilivu wako, kwa sababu jibu la mstari mmoja lisingekusaidia siku atakaporudi na video nyingine.

Seli shina ni seli ambayo haijachagua kazi. Inaweza kujigawa na kubaki kama ilivyo, na inaweza pia kuzaa seli zenye kazi maalumu. Seli shina za neva ndizo zinazozaa nyuroni, yaani seli zinazopeleka habari, pamoja na seli za glia, ambazo huzilisha nyuroni, huzilinda, na nyingine huzizungushia ala ya mafuta iitwayo mielini, inayofanya habari ikimbie kwa kasi. Ubongo wa mtu mzima una nyuroni zipatazo bilioni 86, na zote asili yake ni mrija mdogo ambao hujifunga karibu siku ya 28 baada ya mimba kutungwa, wakati ambapo mama wengi hawajajua hata kwamba wana mimba.

Neno letu la kupandikiza limetoka shambani, nalo linaeleza jambo hili vizuri kuliko picha nyingi za vitabuni. Mtu anayetoa mche kitaluni huangalia mche wenyewe, lakini huangalia zaidi udongo na majira. Hapa kwetu anayepanda mahindi Novemba, mvua inapokolea, huvuna. Mbegu ileile ikitiwa ardhini mwezi wa Juni huliwa na ndege. Ubongo unaokua ni shamba lililo katikati ya mvua. Seli mpya huzaliwa kwenye kuta za vyumba vya maji vilivyo ndani ya ubongo, kisha hupanda kuelekea juu zikishikilia nyuzi ndefu za seli za glia, kama mtu anavyopanda kamba kutoka kisimani, na kila zinapopita hupokea ishara za kemikali zinazoziambia zisimame wapi na ziwe nini. Seli ya mgeni ikiingizwa katika vyumba hivyo wakati huo huzikuta kamba zimetundikwa na ishara zinatolewa, nayo hufuata msafara.

Hilo si dhana tu. Mwaka 1992 Brent Reynolds na Samuel Weiss, huko Calgary nchini Kanada, walionyesha kwamba seli zenye tabia ya shina zinaweza kutolewa katika ubongo wa panya, hata aliyekomaa, na kuoteshwa maabara. Mwaka huohuo Evan Snyder, Constance Cepko na wenzao mjini Boston waliweka seli za namna hiyo katika ubongo-nyuma wa panya wachanga, wakaziona zikijiunga na tishu na kuwa seli za aina mbalimbali kulingana na mahali zilipotua. Mwaka 1995 Snyder na wenzake walikwenda mbele zaidi: walichukua panya waliozaliwa bila kimeng'enya kimoja, yaani kemikali ya mwili inayovunjavunja takataka ndani ya seli, ugonjwa ambao hata watoto wa binadamu huupata, wakawatia seli katika vyumba vya maji vya ubongo wakiwa wachanga. Seli zilisambaa, zikatoa kimeng'enya kilichokosekana, na takataka zilizokuwa zimejaa ndani ya seli za panya hao zikapungua.

Kuna pia panya wanaotetemeka tangu utotoni kwa sababu mwili wao hautengenezi mielini ipasavyo, na ambao hufa wakiwa na umri wa miezi michache. Steven Goldman na wenzake, huko Rochester katika jimbo la New York, waliwatia panya hao seli za binadamu zinazozaa glia mara tu walipozaliwa. Katika matokeo waliyoyachapisha mwaka 2008, wengi walikufa kwa wakati uleule wa kawaida, lakini wachache waliishi zaidi ya mwaka mmoja, huku ubongo wao umevikwa mielini iliyotengenezwa na seli za binadamu. Nadhani video ya simu ilitokana na utafiti wa jamii hii. Mimi mwenyewe niliposoma habari hizo mara ya kwanza nilikaa kimya kwa muda.

Sasa turudi kwa mtoto wako. Majira ya ubongo hayafiki mara moja yote. Majira ya kuzaliwa kwa nyuroni za gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, huwahi sana. Nyingi huwa zimeshazaliwa kabla mimba haijafikisha miezi saba, na mtoto anapolia mara ya kwanza zile kamba za kupandia zimeanza kuondoka. Majira ya mielini ndiyo huchelewa, kwani yanaendelea utotoni, katika ujana na hata baada ya miaka ishirini. Ndiyo maana wanasayansi waliofikia hatua ya kujaribu kwa watoto wamechagua magonjwa ya mielini na ya vimeng'enya, ambayo seli mpya inaweza kuyafanyia kazi hata ikikaa popote. Kurudisha nyuroni zilizokufa kwa kukosa hewa miaka minne iliyopita ni kazi ya aina nyingine: mahali pale sasa pana kovu, na kila nyuroni ingehitaji kunyoosha uzi wake mrefu hadi kwenye uti wa mgongo na kumpata mwenzake sahihi kati ya mamilioni, bila ishara zile za mwanzo za kuiongoza.

Njia wanayoitaja nayo ina kasoro. Katika majaribio niliyoyaeleza seli ziliwekwa ndani ya ubongo kwa sindano nyembamba, tena chache na kwa vipimo. Seli nyingi zinazopitishwa katika mshipa wa mkono hunaswa kwenye mapafu, na zinazobaki hukuta mlango wa ubongo umefungwa na kizuizi kilichopo kati ya damu na tishu za neva. Ni kweli kwamba Chuo Kikuu cha Duke nchini Marekani kiliwapa watoto 63 wenye ugonjwa kama wa mwanao damu yao wenyewe iliyohifadhiwa kutoka kitovuni, kwa njia ya mshipa. Matokeo yalichapishwa mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja, waliopewa damu na waliopewa maji yasiyo na dawa hawakutofautiana kwa jumla katika mwendo, ingawa waliopata kipimo kikubwa zaidi walionekana kufanya vizuri kuliko ilivyotarajiwa. Zile zilikuwa seli za damu, tena za mtoto mwenyewe, na hakuna hata mmoja wa watafiti hao aliyesema zimejenga sehemu iliyokufa.

Hatari nayo ipo, na muuzaji hakuitaja. Mwaka 2009 madaktari wa Israeli walichapisha habari za mvulana mwenye ugonjwa wa kurithi wa neva ambaye, kuanzia alipokuwa na miaka 9, alipelekwa Moscow mara tatu kuwekewa seli za neva zilizotoka kwa vijusi. Miaka minne baada ya safari ya kwanza alikutwa na uvimbe katika ubongo na mwingine kwenye uti wa mgongo. Vipimo vya jeni vilionyesha kwamba uvimbe ule haukuwa wa mwili wake: ulitokana na seli alizopandikiziwa, tena za watoaji wasiopungua wawili. Seli inayoweza kujigawa ndiyo hiyohiyo inayoweza kukataa kuacha kujigawa.

Mama, kwa maoni yangu parsele ya Ruashi isiuzwe. Mwambie shemeji amuulize mtu huyo maswali matatu: seli ni za aina gani na zimetoka kwa nani, zimejaribiwa kwa watoto wangapi wenye ugonjwa huu na matokeo yamechapishwa wapi, na kwa nini mzazi analipa, kwa kuwa utafiti halali kwa kawaida hauwatozi wazazi bei ya tiba ambayo bado inajaribiwa. Fedha mlizo nazo zitamfaa mtoto zaidi mkianza na kifafa, maana kifafa kisichodhibitiwa humnyang'anya mtoto hata kile kidogo alichojifunza. Aonwe na daktari, dawa zipimwe kulingana na uzito wake wa sasa, na zisikatwe hata siku moja kwa sababu zimeisha nyumbani. Kisha mtafute mtaalamu wa kine, yaani mazoezi ya viungo, anayeweza kuwafundisha ninyi wenyewe namna ya kumweka, kumlisha akiwa ameinuka ili chakula kisiingie kwenye pumzi, na kumnyoosha viungo kila siku. Fundi seremala yeyote wa Katuba anaweza kutengeneza kiti chenye mikanda na sehemu ya kuegemeza kichwa akielekezwa vipimo. Mwombe daktari ampime pia masikio na macho. Mara nyingi tunamhesabu mtoto kuwa haelewi, kumbe hasikii.

Mwanafunzi wa udaktari, Lubumbashi, anauliza:

Mheshimiwa Daktari, darasani tulisoma kuhusu panya na nyani tu. Je, kuna mtoto wa binadamu aliyewahi kupandikiziwa seli shina za neva kwa njia halali, na ilikuwaje?

Jibu:

Wapo, na ni wachache mno. Mnamo Novemba 2006, huko Portland katika jimbo la Oregon, yalianza majaribio kwa watoto sita wenye ugonjwa wa Batten, ambao kimeng'enya fulani hukosekana na ubongo ukafa polepole. Walitiwa mamia ya mamilioni ya seli ndani ya ubongo na kupewa dawa za kutuliza kinga ya mwili. Upasuaji waliustahimili, na madhara yaliyoonekana yalihesabiwa kuwa ya ugonjwa wenyewe au ya dawa, si ya seli. Ugonjwa, hata hivyo, ulikuwa umekwisha kwenda mbali kwa watoto wale, nao haukurudi nyuma.

Jaribio la pili, lililofanyika San Francisco na kuchapishwa mwaka 2012, lilihusu wavulana wanne wenye ugonjwa wa Pelizaeus-Merzbacher, ambao huharibu utengenezaji wa mielini. Kila mmoja alipata seli milioni 300 katika sehemu nyeupe ya mbele ya ubongo, pande zote mbili, na dawa za kutuliza kinga kwa miezi tisa. Baada ya mwaka, picha za sumaku zilionyesha dalili zinazoafikiana na mielini mpya mahali palipochomwa. Watoto watatu walipiga hatua ndogo na wa nne alibaki alivyokuwa. Utaona kwamba hapakuwa na kundi la kulinganisha, kwa hiyo hatua zile ndogo haziwezi kuhesabiwa kuwa ushahidi wa tiba. Lilikuwa jaribio la kupima usalama, basi. Kampuni iliyotengeneza seli zile, StemCells Inc., ilifunga kazi zake mwaka 2016. Sitaki hilo likukatishe tamaa, lakini ukiwa daktari utakutana na wazazi waliosoma kichwa cha habari cha 2012 bila kusoma yaliyofuata.

Kuhusu nyani, kazi ya kukumbuka ni ile ya mwaka 2001 ya Václav Ourednik, Snyder na wenzao, walioweka seli shina za neva za binadamu katika vyumba vya maji vya ubongo wa nyani walio bado tumboni. Seli ziligawanyika makundi mawili: baadhi zilipanda hadi kwenye gamba na kuwa nyuroni na glia, nyingine zilibaki kandokando ya vyumba bila kuchagua kazi, kama akiba. Mwili uliokuwa ukikua ndio ulioamua nani aende na nani abaki. Hapo ndipo ningekushauri uanzie kusoma, kabla ya habari za tiba.

Mzee wa kanisa, komini ya Kenya hapa Lubumbashi, anauliza:

Daktari, watoto wetu wanasema wazungu wameweka ubongo wa mtu ndani ya panya. Seli hizo zinatolewa wapi, na je, panya huyo bado ni panya?

Jibu:

Mzee, swali lako la kwanza linastahili jibu la wazi. Seli zilizotumika kwa watoto wa Portland na San Francisco zilitokana na ubongo wa vijusi, na tishu hizo zilitolewa kwa hiari kwa ajili ya utafiti, na watu wengi wa imani hawaikubali njia hiyo. Tangu mwaka 2006, hata hivyo, ipo njia nyingine: Shinya Yamanaka wa Japani aligundua namna ya kuichukua seli ya kawaida ya panya na kuirudisha utotoni mwake hadi iwe shina tena. Mwaka uliofuata ilifanyika kwa seli za ngozi ya binadamu, na mwaka 2012 akapata tuzo ya Nobel. Leo maabara nyingi hutumia seli za namna hiyo, zinazotoka kwa mtu mzima aliyekubali kukatwa kipande kidogo cha ngozi au kutolewa damu.

Habari waliyoisikia watoto ni ya Chuo Kikuu cha Stanford, mwaka 2022. Sergiu Pașca na wenzake waliotesha maabara vifungu vidogo vya tishu zinazofanana na gamba la ubongo wa binadamu, kisha wakavipandikiza katika ubongo wa panya waliokuwa na siku chache tu tangu kuzaliwa. Waliwachagua wachanga kwa sababu ileile niliyomweleza mama wa Katuba: nyuzi za ubongo wao zilikuwa bado zinatafuta pa kushika. Nyuroni za binadamu zilikua mara sita kuliko zile zilizobaki kwenye sahani za maabara, zikaunganishwa na mishipa ya damu ya panya, na panya alipoguswa sharubu baadhi yake zilijibu. Lengo lilikuwa kuchunguza ugonjwa mmoja wa nadra wa watoto ambao huwezi kuuchunguza kwa kumfungua mtoto kichwa.

Je, ni panya? Alitembea, akala na kukumbuka kama panya wenzake, na vipimo vya tabia havikuonyesha vinginevyo. Ila sitakuficha kwamba mwaka 2013, katika kazi ya akina Goldman, panya waliokuzwa na seli za glia za binadamu walijifunza baadhi ya mambo upesi kuliko wenzao. Kwa hiyo swali lako si la kuchekwa. Wanasayansi wenyewe wameliwekea kamati na mipaka, na mimi ningependa wazee wa makanisa na misikiti wakae kwenye kamati kama hizo pia.

Mkunga, Kampemba, anauliza:

Daktari, mama mmoja aliyejifungua kwetu aliomba tumtunzie damu ya kitovu, kwa kuwa alisikia itamtengenezea mtoto ubongo akiugua. Tumjibuje?

Jibu:

Mjibuni kwamba seli za kitovuni huzaa damu, wala hazizai nyuroni. Zinatibu baadhi ya magonjwa ya damu, na kuna mahali pamoja ambapo zimeufikia ubongo kwa njia ya mzunguko. Katika ugonjwa wa Krabbe, ambao mtoto hukosa kimeng'enya na mielini yake ikaharibika, madaktari wa Marekani waliwapa watoto damu ya vitovu vya watu wengine baada ya dawa kali za kusafisha uboho, na seli zilizotokana na damu hiyo zikapeleka kimeng'enya hadi katika ubongo. Matokeo ya 2005 yalihusu watoto 11 waliotibiwa kabla ya dalili yoyote na 14 waliotibiwa dalili zikiwa zimekwisha kuanza. Ripoti ilipoandikwa wale 11 walikuwa hai wote, ingawa baadaye baadhi yao walipata shida ya kutembea na kusema. Kati ya wale 14, walionusurika walikuwa sita, nao hawakupata nafuu kubwa. Tofauti ya umri kati ya makundi hayo ilikuwa ya miezi tu.

Hapa Kampemba hatuna pa kuigandisha damu hiyo kwa miaka, na kwa mtoto mzima wa afya hakuna sababu ya kuitamani. Msikate kitovu upesi. Subirini dakika moja hadi tatu ili damu iliyobaki imwingie mtoto mwenyewe, isipokuwa mtoto asiyevuta pumzi, ambaye lazima apelekwe mara moja kwenye ambu, yaani mfuko wa kumpulizia hewa.